Siku Nilipowazuia Wasilambe Jiwe

Kama leo umetoka kituo cha afya na karatasi iliyoandikwa TB, ukaikunja mara nne na kuificha kwenye soksi, kaa hapa kwanza tuongee. Mimi ya kwangu niliikunja mara sita. Naitwa Bhoke, naishi Issenye, na shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo usitegemee nikueleze habari za vijidudu. Hizo nesi wako anazijua. Mimi nitakueleza nilivyopona, na nilivyokaribia kupoteza kitu kilichonirudishia pumzi, yaani kutembea porini na watu kila Jumamosi.

Wakati huo ilikuwa rashi. Dhahabu ikisikika imetema, yaani imeonekana mahali, kwetu mkoani Mara watu hawaulizi mara mbili. Mwenye baiskeli anapanda baiskeli, mwenye miguu anatembea, kesho yake pori lina vibanda, magenge ya chakula na muziki. Mimi nilikwenda upande wa Tarime nikaajiriwa kuponda mawe. Unakaa chini, unaliweka jiwe ndani ya kipande cha mpira wa tairi lisiruke, unalipiga kwa nyundo mpaka linakuwa kokoto, halafu linaenda kwenye karasha kusagwa unga. Jioni wote tunafanana, weupe mpaka kwenye kope. Nilikuwa nimeshaijenga nyumba yangu kichwani, yenye bati la kijani na dirisha la vioo, na kila nilipopiga nyundo nilikuwa naongeza tofali. Nilikuwa na furaha kweli. Kikohozi kilipoanza nikasema ni vumbi. Wenzangu wote walikuwa wanakohoa, nani angejiona mgonjwa?

Nilirudi nyumbani mvua za masika zikianza, nimebaki fito. Sketi niliyoondoka nayo ikinibana niliifunga kwa kamba ya katani. Mama aliponiona njiani alinipita kama anampita mgeni, halafu akasimama, akageuka. "Bhoke? Ni wewe?" Hapo nikajua nimekwisha.

Kituo cha afya kina benchi refu la wagonjwa wa kifua, liko nje, upande upepo unakopita. Kila anayepita kwenda kliniki ya watoto anajua benchi lile ni la nini. Siku ya kwanza nilikaa pembeni kabisa, tako moja ndani, moja nje, ili nikiulizwa niseme napumzika tu. Nikapewa kikopo chenye kifuniko nikateme makohozi nyuma ya jengo. Nilikwenda nikarudi na mate. Nesi akakiinua kwenye mwanga akacheka.

"Haya ni mate, mdogo wangu. Mate hata mimi ninayo. Nataka ya ndani kabisa."

"Ya ndani hayataki kutoka, dada."

"Yabembeleze."

Nikayabembeleza. Majibu yakaja, na nikaanza vidonge vya miezi sita.

Ngoja nikuambie mambo ambayo mimi hakuna aliyeniambia nikasikia. Mkojo utakuwa wa rangi ya soda ya chungwa. Mimi siku ile nilipiga kelele chooni, mama akaja mbio na jembe akidhani ni nyoka. Hata machozi yanageuka rangi kidogo. Magoti yatauma kama ya bibi. Wiki za kwanza utakichukia chakula, halafu siku moja utaamka na njaa ya kula mlango. Mimi njaa ilinijia mwezi wa pili, mahindi yakiwa yanabeba. Nilikula ugali wa mtama na dagaa wa Musoma mpaka mama akafunika sufuria kwa mikono.

Lakini nyumbani hapakuwa pazuri. Mama alinitengea kikombe cha bluu, sahani ya bati na kijiko, akavipanga peke yake kwenye kichanja, mbali na vingine. Nesi alikuwa ameshamweleza kwamba ugonjwa huu unapita kwa hewa, mtu akikohoa, na wala hauna habari na vyombo, na kwamba dawa zikishakolea siambukizi tena. Mama aliitikia "ndiyo, ndiyo", akarudi nyumbani akakisogeza kikombe changu mbali zaidi. Hakunitukana hata siku moja. Ila nilipoinuka kwenye kigoda, hakuna aliyekalia kile kigoda tena.

Shangazi yangu aliyeolewa Migori, ng'ambo ya mpaka, alinipigia simu, nikamweleza habari ya vyombo. Akaniambia nimweke kwenye spika, mama asikie.

"Wewe wifi, huyo mtoto si ni wako? Hiyo kikombe yake unaogopa nini? Wacha nikuje huko nikunywe nayo chai, uone kama nitakufa."

Mama akasema mtandao unakatika, akakata. Kikombe kikabaki palepale.

Miezi miwili ilipoisha nikapimwa tena makohozi, hayakuwa na kitu. Nesi akafurahi kuliko mimi. Akaniambia nitabadilishiwa vidonge, bado miezi minne, na nisiruke hata siku moja. Nikamwambia vidonge nameza, ila nikipanda kamwinuko ka kisimani napumzika mara tatu.

"Anza kutembea," akasema. "Kidogo kidogo. Kuna mwalimu wa sekondari ana klabu ya matembezi, kila Jumamosi asubuhi wanapita porini mpaka mchana. Nenda nao. Kwa sasa hivi huwezi kumwambukiza mtu, usiwe na wasiwasi."

Nilitoka pale naruka. Mimi ni mtu wa watu, na miezi miwili nilikuwa nimeongea na kuku. Ila nilifanya uamuzi mmoja njiani, kwamba kwenye klabu hiyo hakuna atakayejua. Nitasema nimeugua malaria kali. Wakijua, watanitengea njia yangu ya peke yangu kama kile kikombe.

Klabu ilikuwa na watu kama kumi na tano. Mwalimu Rhobi, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni, ndiye aliyeianzisha baada ya kuambiwa ana presha. Mbele alikuwa Mzee Nyamhanga, anayezijua njia zote na mahali ambapo tusivuke kwa sababu ya wanyama, na anayetembea kama anayekimbia mvua. Na alikuwepo Marwa, kijana wa bodaboda, aliyejiunga kwa sababu alianza kuota kitambi kwa kukaa kwenye pikipiki kutwa. Marwa hakuwa na breki ya mdomo.

Siku ya kwanza nilivaa fulana ya bluu. Hakuna aliyeniambia kuwa mbung'o wanapenda bluu. Tulipoingia kwenye migunga walinijia mgongoni kama wameitwa kwa jina.

"Mwacheni," Marwa akasema, "amekuja kulisha mifugo yake."

Tulicheka wote, nikacheka mpaka kikohozi kikaja, nikakimeza. Mwalimu Rhobi akaificha ile bluu kwa kunifunga kanga yake ya kahawia. Sikupumua vizuri, magoti yalilia, nilikuwa wa mwisho, na sijawahi kufurahi vile. Nyasi zilikuwa zimeanza kukauka, zina harufu ya mkate. Tuliona twiga watatu wakitutazama kama majirani wambea. Nilirudi nyumbani nikalala na viatu.

Kila Jumamosi ikawa sikukuu yangu. Vidonge nilitakiwa kumeza asubuhi kabla ya kula, na sisi tulianza kutembea mapema, kwa hiyo tukifika mapumziko ya kwanza nilisema naenda kuchimba dawa, nikajificha nyuma ya kichaka na chupa yangu ya maji. Marwa aliona.

"Huyu Bhoke kibofu chake kina ratiba. Saa moja na nusu, kama basi la Mwanza."

"Mura," Mzee Nyamhanga akamjibu kama wazee wetu wanavyowaita vijana, bila kugeuka, "punguza mdomo, ongeza miguu."

Marwa akacheka mpaka akaanza kukohoa. Alikuwa na kikohozi kizito, cha asubuhi. Watu walikuwa wanamtania kwamba amemeza pikipiki na inagoma kuwaka. Na mimi nilimcheka. Mimi!

Klabu ilikuwa na lengo: kabla ya mvua za vuli, wote tupande kilima tunachokiita Mgongo wa Nyati, upande wa kuelekea Mbalibali. Kutwa nzima, kwenda na kurudi. Wenzangu wanasema ukifika juu, siku ya hewa safi, unaona tambarare inaisha inapokutana na mbingu. Hicho ndicho nilichokitaka. Nyumba ya bati la kijani niliisahau kabisa. Nilitaka mapafu yangu yanifikishe juu ya kile kilima, mchana kweupe, na watu.

Mwezi wa nne wa dawa, nyumbu wakiwa wanapita, ardhi ikinguruma kwa mbali, tulikatiza korongo moja kavu ambalo moto wa nyasi ulikuwa umepita. Marwa akajikwaa. Akainama kukitukana kilichomkwaza, akanyamaza. Marwa kunyamaza ni habari.

Alikuwa ameshika jiwe jeupe lenye mistari ya kutu. Kama unatoka sehemu zetu, najua moyo wako nao umeruka. Mwalimu Rhobi, mwanamke wa chaki na filimbi, alitupa mfuko wake chini. Mzee Nyamhanga alirudi nyuma, na huyo harudi nyuma hata kwa nyati. Dakika moja baadaye klabu nzima ilikuwa imepiga magoti korongoni ikichakura kama kuku.

"Bhoke! Wewe si umeponda mawe? Hebu lisome!"

Sasa, jiwe kavu halisomeki. Vumbi linalificha. Machimboni huwezi kupoteza maji ya kunywa kwa kila jiwe, kwa hiyo unalilamba, unaligeuza juani, unaangalia kama kuna nukta ya njano. Unalamba wewe, unampa mwenzako naye analamba, mpaka mmekubaliana. Ndivyo kazi ilivyo, mkono unafanya wenyewe.

Nikalilamba. Nikaligeuza. Na hapo, pembeni ya mstari wa kutu, nikaona kanukta kanang'aa, kadogo kama yai la chawa.

"Kapo!" nikapiga kelele. "Kapo, haki ya Mungu!"

Makelele yaliyofuata yaliwakimbiza ndege. Marwa akanipokonya, akalilamba, akaligeuza. "Nakaona! Jamani nakaona!" Nyuma yake Mwalimu Rhobi amenyoosha mkono, nyuma ya mwalimu mama mmoja mjamzito, nyuma yake wengine, wamejipanga mstari kama wa komunyo, ndimi tayari.

Nesi alikuwa ameniambia siambukizi. Kichwani nilijua. Lakini nilimwangalia yule mama na tumbo lake, na kilichonijia ni kikombe cha bluu kwenye kichanja. Nikasikia sauti yangu ikitoka kabla yangu.

"Msilambe! Msilambe, nina TB!"

Marwa alilitazama jiwe, akanitazama mimi, akalirusha vichakani kwa nguvu zake zote, akaanza kuufuta ulimi. Kwa mkono wa shati. Kwa majani. Kwa mchanga! Mama mjamzito akarudi hatua tatu nyuma. Na nikuambie kitu ambacho leo kinanichekesha lakini siku ile hakikunichekesha: hata katika kuniogopa, nusu yao walikuwa wameshaingia kwenye miiba kulitafuta lile jiwe. Hawakulipata mpaka leo.

"Ungetuambia, Bhoke," Mwalimu Rhobi akasema polepole. "Miezi yote hii unakunywa kwenye chupa yangu."

"Nilishaacha kuambukiza, mwalimu. Nesi alisema."

"Basi kwa nini ulituficha?"

Tulirudi. Hakuna aliyenifukuza, ila njia ilijinyoosha yenyewe: wao mbele, halafu nafasi kubwa, halafu mimi.

Wiki hiyo kundi letu la simu, lililokuwa na picha na utani kutwa, lilikaa kimya. Jumamosi sikwenda. Nilikaa siku nzima jikoni, nikachambua choroko ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa. Mama aliniangalia, akatoka, akarudi. Akanimiminia uji kwenye kikombe chake mwenyewe, cha maua, akaniwekea mkononi. Nilikunywa ule uji nikilia machozi ya rangi ya chungwa.

Jumatatu ilikuwa zamu yangu ya kuchukua vidonge. Nafika kwenye benchi refu, nani nimkute amekaa tako moja ndani, moja nje? Marwa. Ameshika kikopo.

"Usinicheke," akasema.

"Sijacheka."

"Ni wewe umenileta hapa. Wewe na lile jiwe lako."

Nesi akatusikia, akatoka. Akamwambia ugonjwa haulambwi kwenye jiwe, na kwamba mimi kwa dawa nilizomeza nisingeweza kumpa hata ningetaka. "Ila," akamwangalia vizuri, "hicho kikohozi nimekisikia tangu unaingia getini. Kina muda gani?"

Marwa akahesabu kwenye vidole, akaanza upya. "Tangu mahindi madogo."

Nilikaa naye mpaka akatema. Alileta mate. Nikamwambia ayabembeleze.

Siku mbili baadaye alinipigia simu, sauti ya mtu aliyekalia mwiba. Alikuwa nayo. Na mimi, badala ya kumwonea huruma kwanza, nilijionea mimi huruma, nakuambia ukweli. Niliona kila kitu kimekwisha. Nani ataamini kwamba hakuipata kwangu? Alilamba jiwe langu mbele ya mashahidi! Kuanzia siku hiyo ningekuwa Bhoke aliyemwambukiza Marwa, na nisingepita hata stendi ya bodaboda.

"Utawaambia nini?" nikamuuliza.

"Sijui bado, Bhoke. Mimi mwenyewe naogopa."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda pale wanapokutana, kwenye kona ya barabara ya sekondari, nikasimama mbali kidogo. Nilitaka tu nisikie watakachosema kwa masikio yangu, kuliko kuambiwa na kuku. Mwalimu Rhobi alipuliza filimbi, akasema kuna ujumbe wa sauti umeingia alfajiri, akaiinua simu juu.

Ilikuwa sauti ya Marwa. "Haloo wanaklabu. Nimepimwa, nina TB. Nimeambiwa nikae nyumbani kwanza dawa zikolee. Sasa najua midomo yenu, kwa sababu wa kwangu ni mkubwa kuliko yote. Msiseme ni Bhoke. Mimi nilianza kukohoa kabla huyu dada hajaja klabuni na mnakumbuka, mlikuwa mnasema nimemeza pikipiki. Angenyamaza siku ile korongoni, ningekuwa bado nabeba abiria nawakoholea kisogoni. Na wewe, Mzee Nyamhanga, na Mwalimu Rhobi, mliokaa karibu na mimi, mkapime. Nimemaliza. Mbung'o wasalimieni."

Watu walicheka, halafu wakaona aibu kwa kucheka. Mzee Nyamhanga aligonga fimbo chini. Nikamsogelea, nikamwamkia kama baba yangu.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Umesimama huko unasubiri nani akubebe? Leo tangulia wewe mbele. Nataka nikusikie ukipumua, nijue kama unafaa kwa Mgongo wa Nyati."

Mwalimu Rhobi alifungua chupa yake ya maji, akanywa, akanipa, nikanywa, akaichukua akanywa tena. Ndipo tukaondoka.

Watu wanne wa klabu walikwenda kupima wiki hiyo. Wote salama. Walikaa kwenye lile benchi refu, katikati kabisa, wakipiga soga kwa sauti.

Vidonge vyangu vya mwisho nilivimeza jua la kiangazi likiwa kali, nyasi zikiwa rangi ya simba. Nilimwomba nesi aniachie karatasi tupu ya vidonge, nikaibandika ukutani. Wiki chache baadaye, mawingu ya vuli yakianza kujikusanya kule ziwani, tukaenda Mgongo wa Nyati. Marwa naye alikuja. Alikuwa kwenye mwezi wake wa tatu, amepimwa tena hana kitu, na nesi amemruhusu. Yule mtu wa kitambi sasa shati lilimning'inia kama limeanikwa.

Tulipofika chini ya kilima, wenzetu walianza kupanda. Mimi miguu ilikuwa inanipeleka yenyewe, pumzi imejaa mpaka tumboni, nasikia kuimba. Nusu ya mlima nikageuka, nikamwona Marwa amekaa kwenye mwamba, mikono magotini.

Nikashuka.

"Wewe unarudi wapi?" akasema akihema. "Nenda. Ni kilima chako hicho, umekiimba miezi."

"Hatua ishirini, halafu tunakaa. Mimi nilianza hivyo."

"Bhoke, nenda bwana. Nitawaaibisha."

"Inuka, mura. Ishirini tu. Ukizidisha nakuripoti kwa nesi."

Tukaenda ishirini, tukakaa. Ishirini, tukakaa. Kutoka juu tulisikia wenzetu wamefika wanapiga vigelegele, filimbi inalia, na ndani yangu kitu kilikuwa kinavuta kama ndama kwenye kamba. Sitakudanganya, nilitaka sana kukimbia. Nilikaa. Ishirini nyingine. Jua lilihama. Tukiwa tumebakisha kipande, tukawaona wanashuka, wamemaliza, wamekula chakula chao, wanarudi nyumbani.

Mzee Nyamhanga alikuwa mbele kama kawaida. Alifika tulipokaa, akatutazama wawili, akatazama juu alikotoka, akatazama chini anakokwenda. Akavuta pumzi ndefu. Kisha akageuza fimbo, akaanza kupanda tena. Mwalimu Rhobi akamfuata, na mama yule, mtoto mgongoni sasa, na wengine wote mmoja mmoja, wakilalamika magoti.

Tulifika juu tukiwa kumi na tano. Tambarare ilikuwa kubwa kuliko walivyosema. Marwa alijaribu kutania, pumzi haikutosha, akabaki anacheka bila sauti. Mimi nilifungua mdomo wangu wote nikaiingiza ile hewa ndani, yote niliyoweza, nikaishikilia.

"Mara mbili siku moja," Mzee Nyamhanga akanung'unika, akikaa chini. "Mwakani nitatembea na watu wazima."